Paa Jeusi la Chumba cha Tano

Mama Puleng alikuwa anapasua barafu ndani ya ndoo iliyolala nje kwa mpini wa kisu aliposikia buti za mwenye nyumba zikizunguka uani. Zilikwenda kidogo, zikasimama, zikaenda tena. Mtu anayetembea hivyo alfajiri ya Julai, Maseru, ama amepoteza kitu ama anatafuta wa kumlaumu, na mzee Letuka hakuwa mtu wa kupoteza vitu.

Akatia vipande vya barafu kwenye sufuria, akaiteleka juu ya jiko la mafuta ya taa, akatazama kitandani. Puleng, mtoto wa miaka minne, alikuwa amelala ndani ya koti la mama yake, mikono imevikwa soksi, kifua kinakoroma. Nesi wa zahanati alishamwambia kwamba mtoto huyu asilale kwenye baridi, kifua kikirudia tena itakuwa nimonia. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuagiza chumvi dukani. Tangu siku hiyo jiko lilikuwa linawaka jioni nzima, na tena alfajiri, maji yanachemka, ili chumba kipate angalau uvuguvugu, na Mama Puleng alikuwa akilala akihesabu kichwani mafuta yaliyobaki.

"Nje!" mzee Letuka akapaza sauti. "Wapangaji wote, nje! Mje muone wenyewe!"

Vyumba vilikuwa saba, vimepangwa mstari mmoja ukuta kwa ukuta, chini ya paa moja la mabati. Mzee alivijenga kwa kiinua mgongo cha migodini, baada ya kuchimba dhahabu ya watu ng'ambo ya mpaka hadi mapafu yakamkataa. Mita ya umeme ilikuwa moja tu, nayo ilikaa jikoni kwake. Kila mwezi kila chumba kilitoa fungu sawa, yeye ananunua uniti, na sheria ilikuwa fupi: taa, redio na kuchaji simu. Hita marufuku. Lakini mwezi huo uniti ziliisha kabla mwezi haujafika katikati. Wakachanga tena, zikaisha tena. Tangu hapo majirani wakawa hawapiti mlango wa mwenzao bila kupunguza mwendo na kutega sikio.

Wakatoka mmoja mmoja, wamejifunika mablanketi hadi puani. Mzee Letuka alikuwa amepanda juu ya kreti la soda karibu na geti, fimbo yake imenyooka juu.

"Mnaona nini?"

"Mabati, mzee," akasema Ntsane wa chumba cha pili. Ntsane alikuwa mlinzi wa usiku, ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, na ulimi wake haukulala hata pale mwenyewe alipolala lindoni.

"Nyamaza wewe. Juu ya mabati mnaona nini?"

Wakaona. Usiku ule umande ulikuwa umeganda ukawa jalidi, imetanda juu ya paa lote, nyeupe kama unga ulionyunyizwa. Lote isipokuwa kipande cha juu ya chumba cha tano. Pale mabati yalikuwa meusi, yamelowa, yanafuka mvuke.

"Mimi ni mtoto wa milimani," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kuonja ushindi. "Kwetu jalidi ndiyo shahidi. Nyumba yenye moto, paa linalia. Nyumba isiyo na moto, paa jeupe. Jalidi haina ndugu, haina rafiki, wala haipokei rushwa. Chumba cha tano ni cha nani?"

Swali la bure hilo, maana alikuwa anamtazama.

"Ni jiko la mafuta ya taa, mzee," Mama Puleng akasema. "Mtoto anaumwa kifua. Na wewe mwenyewe unajua chumba changu hakina dari. Joto lote linapanda linaishia kwenye bati."

Alikuwa anasema kweli, na wote walijua kwamba chumba cha tano hakina dari. Pale mtu alijitengenezea dari mwenyewe, kwa maboksi na mabaki ya vitambaa vya kiwandani, na akihama aliibandua akaondoka nayo pamoja na kitanda chake. Aliyekaa chumba cha tano kabla yake alihama mwezi Machi, akaacha matundu ya misumari tu. Mama Puleng alipokuja kuangalia chumba, jua lilikuwa kali bado. Aliangalia mlango, akaangalia kufuli, akaangalia choo. Hakuangalia juu.

"Jiko la mafuta!" Limpho wa chumba cha sita akacheka. Limpho alikuwa anauza kwenye duka la nguo mjini, mwanamke wa kucha ndefu na sauti iliyozoea kuita wateja. "Mafuta yalivyopanda bei, nani anayawasha hivyo mpaka bati linayeyusha jalidi? Dada, sema tu tumalize. Watu tuna kazi."

"Kila jioni nasikia kitu kinanguruma kwake," akasema baba wa chumba cha kwanza.

"Ni sufuria inachemka."

"Chai gani hiyo ya kila siku ya masaa matatu? Unafungua hoteli?" Ntsane akauliza, na watu wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha urafiki.

Mzee akashuka kwenye kreti akaingia chumba cha tano bila kubisha. Limpho akamfuata, hakuna aliyemtuma. Wakainua godoro huku Puleng akiwa bado juu yake. Wakafungua kabati, wakapekua ndoo ya unga, wakavuta sanduku la chini ya kitanda. Walikuta jiko, dumu la mafuta ya taa lenye mafuta kidogo chini, na sufuria iliyotoboka ambayo Mama Puleng angependa isionekane.

"Hamna kitu," mzee akasema, kwa masikitiko.

"Ameificha. Za siku hizi ni ndogo, hata kwenye begi la mtoto inaingia," akasema Limpho, akachukua begi la Puleng akalimwaga kitandani. Ikaanguka chupi, kofia ya sufu na nusu ya andazi.

Mama Puleng akasogea kitandani. Alitamani kuyashika yale makucha ayavunje moja moja. Akaokota andazi akalirudisha kwenye begi.

"Sikiliza," mzee Letuka akasema pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika na wote. "Jua likizama, hita iwe mkononi mwangu. La sivyo utalipa uniti za uani kote. Na kama huna cha kulipa, nina kufuli, nitalitia hapa. Mtoto usinitajie. Mtoto sikuzaa mimi."

Kulitia kufuli lake katikati ya Julai maana yake ilikuwa moja. Hakuna mwenye vyumba anayempokea mpangaji majira hayo. Kila mtu ameshajibanza pake, na aliyefukuzwa kwa wizi wa umeme habari zake hutangulia mzigo wake. Mama Puleng alimvika mtoto, akamnywesha uji mchachu wa mtama, akampeleka chumba cha saba kwa bibi Matlakala, ajuza aliyelea watoto wa wapangaji kwa malipo kidogo.

"Mtoto nampokea," bibi akasema, akimvuta Puleng ndani ya blanketi lake. "Lakini mwanangu, kama unayo, irudishe. Mimi na uzee huu nife gizani kwa sababu yako?"

"Sina, bibi. Haki ya Mungu sina."

"Haya," bibi akasema. Haya hiyo ilimuuma Mama Puleng kuliko begi lililomwagwa.

Kiwandani alikuwa anashona mifuko ya jinzi, mifuko ya nyuma tu, jozi baada ya jozi, na hajawahi kuiona suruali ikiwa imekamilika. Siku hiyo vitambaa viliisha mezani kabla ya mchana. Msimamizi akazima mashine, akatangaza kwamba oda zimepungua, waende nyumbani, na saa za mchana hazitalipwa. Wanawake wakakunja aproni. Wiki hiyo ilikuwa mara ya pili.

Karibu na geti la kiwanda palikuwa na rundo la mabaki ya vitambaa, mengine ya manyoya mazito ya kushonea majaketi. Mama Puleng akasimama akalitazama. Kwa macho tu alishaipiga dari yake, msumari kwa msumari, kutoka ukuta huu hadi ule.

"Kaka," akamwambia mlinzi wa geti, "vile si vinatupwa?"

"Zamani vilitupwa. Sasa vina mwenyewe. Kuna tajiri amenunua takataka zote."

"Hata vile vilivyolowa?"

"Hata uzi, mama. Nikikukuta na uzi, wewe kazi huna na mimi kazi sina. Inua mikono."

Akainua mikono. Mlinzi akampapasa kiunoni, mgongoni, kwenye mikunjo ya sketi, akamwachia. Kumbe wale waliokuwa na dari walizijenga enzi za neema, mlinzi alipokuwa anakufungia furushi kwa kamba mwenyewe. Aliyechelewa, imekula kwake.

Kwa kuwa mchana ulikuwa wake bila kuutaka, akaamua kupita kwa chifu. Chifu ndiye mwenye kuamua mambo ya watu wa eneo lake, na hata mwenye nyumba hawezi kumtupa mtu nje kama taka bila chifu kuulizwa. Ndivyo ilivyosemwa, angalau. Ofisini alimkuta karani, kijana aliyevaa glavu zilizokatwa vidole, na chini ya meza yake hita nyekundu inawaka, nyaya zake mbili zinang'aa. Mama Puleng akasogea karibu na meza kuliko ilivyolazimu.

"Rudi nyuma kidogo, mama. Shida?"

Akaeleza. Karani akasikiliza huku akigeuza miguu upande wa pili, soli ziive vizuri.

"Mwenye nyumba alikuleta hapa lini?"

"Kunileta?"

"Mgeni akihamia, mwenye nyumba anamleta kwa chifu anamtambulisha, pamoja na barua ya chifu wa huko alikotoka. Ndipo anakuwa mtu wetu. Alikuleta?"

"Hakunileta. Hajamleta mpangaji hata mmoja, kwa nijuavyo."

"Basi wewe hapa haupo."

"Mimi ninaishi pale tangu Machi. Si unaniona?"

"Nakuona, mama. Lakini haupo. Mwambie mzee Letuka akulete, kisha uje umshitaki."

"Anilete mwenyewe ili nimshitaki?"

"Utaratibu ndio huo," karani akasema, na kwa kweli hakuwa na ubaya. Alikuwa na joto tu, na mwenye joto hana haraka.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, saa ambazo hakuzoea kuwapo. Uani palikuwa kimya. Ntsane alikuwa amelala. Mkoromo wake ulisikika hadi nje. Mama Puleng akaelekea chumba cha saba kumchukua mtoto, na hapo mlango wa Limpho ukafunguka, na aliyetoka hakuwa Limpho.

Alikuwa mzee Letuka, amejifunika blanketi lake zito, mikono yote ndani. Tumboni palikuwa pametuna. Akafunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, kwa taabu, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika kitu. Alipogeuka wakatazamana.

"Mbona mapema?" mzee akauliza.

"Tumerudishwa. Na wewe, mzee?"

"Nakagua. Kaya yangu hii, lazima nikague."

"Kagua," Mama Puleng akasema. "Lakini mkia wako unaburutika."

Mzee akatazama chini. Waya mweusi ulikuwa umetoka chini ya blanketi, unafuata buti zake hatua mbili nyuma, na mwishoni plagi iliyoungua upande mmoja.  Kisha akaukusanya waya taratibu, akauingiza ndani.

"Njoo huku," akasema.

Walisimama nyuma ya choo, mahali ambapo jua halifiki na udongo umeganda mchana kutwa.

"Hita hii ni yangu," mzee akasema. "Nimemkodisha Limpho. Plagi imeungua, naitengeneza, jioni namrudishia. Sasa umejua. Tusiwe watoto."

"Ulisema marufuku."

"Marufuku kuleta yako. Kukodi yangu si kosa."

"Lakini uniti tunachanga wote."

"Ndiyo ujirani huo."

Mama Puleng akamtazama, akatafuta dalili ya mzaha usoni pale, hakuiona.

"Wangapi wamekodi?"

"Hayo ni ya mtu na mtu. Kila mmoja nimezungumza naye peke yake, na kila mmoja anajua kufunga mdomo. Wenzako wana dari, joto lao halifiki kwenye bati. Mimi leo asubuhi nikaona paa jeusi, na najua wewe hita yangu huna. Ulitaka nifikiri nini? Nikajua umeingiza yako kwa mlango wa nyuma." Akakohoa kikohozi chake cha mgodini, akatema pembeni. "Sasa naamini ni jiko. Haya. Nina moja ndogo, imebaki. Kila mwezi unanilipa maloti mia juu ya kodi. Jioni nasema kesi imekwisha, mtoto wako analala pazuri. Wenye akili ndivyo wanavyofanya."

"Na uniti zikiisha?"

"Tutamtafuta mwizi."

"Nani?"

"Atapatikana. Hakosekani," mzee akasema. "Na ukitaka kusema haya mbele za watu, sema. Lakini utalala barabarani na huyo mtoto, na kwa chifu haupo. Fikiri mpaka jua lizame."

Tusimlaumu mapema Mama Puleng kwa kufikiri. Alimchukua Puleng, akamlaza, akamsikiliza anavyovuta pumzi, filimbi ndogo ikipanda na kushuka kifuani. Alifikiri kwa uzito wote. Mia moja ilikuwa mafuta ya taa ya karibu mwezi mzima, na hita haina moshi, haina harufu. Mtoto angepona. Kisha uniti zingekatika, na asubuhi mzee angepanda kreti, na yeye angetoka na blanketi lake apige kelele kuliko wote, kama Limpho. Limpho! Yule aliyemwaga begi huku kitandani kwake plagi inanuka kuungua. Na baba wa chumba cha kwanza aliyesikia kunguruma, alisikia kwa nani, kama si chini ya kitanda chake? Akaanza kuwapitia mmoja mmoja, chumba kwa chumba, na kadiri alivyowapitia ndivyo hasira ilivyopata mahali pa kukaa.

Jua lilipogusa mabati, wote walikuwa wamesharudi, na mzee Letuka akasimama katikati ya ua. Hakupanda kreti. Alikuwa mchangamfu, kama mtu anayejua jibu la kitendawili chake mwenyewe.

"Haya, Mama Puleng. Muda umefika. Una la kusema?"

"Ninalo," akasema. Puleng alikuwa mgongoni kwake, amefungwa shuka mbili. "Mnatafuta hita. Na mimi nataka ipatikane. Asubuhi mmekagua kwangu peke yangu. Lakini hita ina mkono wa kushikia, inahamishika. Huenda nimemwachia mtu aniwekee. Tukague vyumba vyote, sasa hivi, milango wazi, kila mtu aone. Tuanze cha kwanza, twende hadi cha saba, tumalizie jikoni kwa mzee penye mita."

 Mzee Letuka akaishusha fimbo yake.

"Mimi kwangu haiwezekani," akasema baba wa chumba cha kwanza. "Mke wangu kalala, ana homa kali."

Mkewe, aliyekuwa amesimama ubavuni pake, akaanza kukohoa.

"Kwangu kuchafu," akasema Ntsane. "Mlinzi hana mke, nguo za ndani zimetapakaa. Mtanidhalilisha mbele za wanawake."

"Tutafumba macho," Mama Puleng akasema. "Asubuhi ulikuwa hodari wa kucheka. Njoo ufungue."

Ntsane akatazama ncha za buti zake. 

"Kwani lazima?" Limpho akaingilia, na sauti yake ya dukani ilikuwa imelainika kabisa. "Sisi ni majirani jamani. Asubuhi tulikuwa na hasira. Dada ana mtoto mgonjwa. Hata kama aliwasha kidogo, ni binadamu. Mzee, tunakuomba, msamehe."

"Msamehe," akasema wa chumba cha tatu.

"Yaishe," akasema wa chumba cha nne.

Wale wale waliotaka kufuli juu ya mlango wake alfajiri, sasa walikuwa wanamwombea. Mama Puleng akageuka kumtafuta bibi Matlakala. Alikuwa amekaa kizingitini kwake, mikono mapajani.

"Na wewe, bibi? Tukague kwako?"

 "Mungu anapenda wanaosamehe, mwanangu," akasema, bila kuinua macho.

Mama Puleng akaikaza shuka ya mgongoni. Hata huyu. Wote saba kasoro yeye, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyepewa siri.

Mzee Letuka alikuwa amechimba chini ya ardhi miaka mingi. Mwamba ukigoma huku, anajua kupiga kule. "Nimewasikia," akasema. "Mwanamke huyu nimemsamehe kwa ajili yenu. Uniti zilizopungua tutagawana sawa kwa sawa, kama ndugu. Kesho asubuhi kila chumba kilete fungu lake."

"Mimi nitalipa taa yangu na simu yangu," Mama Puleng akasema. "Joto la watu silipi."

"La watu gani?"

Akawatazama. Mmoja angeinua kichwa tu, yeye angesema yote, mkia na plagi na mia kwa mwezi. Hakuna aliyeinua. Puleng akakohoa mgongoni, kikohozi kirefu, na Mama Puleng akalikumbuka kufuli.

"La watu," akarudia.

"Asiyechangia hana taa," mzee akasema. Akaenda kwenye sanduku la nyaya lililopigiliwa pembeni mwa ukuta, akalifungua kwa bisibisi, akachomoa waya wa chumba cha tano. Taa ya Mama Puleng ikazimika. Nyingine zote ziliendelea kuwaka, na wenye nazo wakaingia ndani mwao wakafunga milango.

Aliwasha mshumaa na jiko. Ugali ulikuwa haujaiva vizuri aliposikia mlango unakwaruzwa kwa kucha. Alikuwa Limpho, amejifunika blanketi jipya la sufu, lile la rangi ya divai lenye milia ambalo wanawake huliweka kwa ajili ya harusi, na simu mkononi inamulika.

"Anakutoza ngapi?" Limpho akanong'ona.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, dada. Mimi ananitoza mia. Wewe lazima amekupunguzia, ndiyo maana umepata ujasiri wa kusema tukague vyumba. Mlipanga. Taa amekukatia kiini macho tu."

"Sina hita, Limpho."

"Ulikuwa unatisha watu tu? Kumbe anakulipa umchunguzie?"

Mama Puleng akasogea pembeni. "Ingia. Tafuta."

Limpho akaingia. Safari hii hakumwaga kitu. Alimulika chini ya kitanda, akamulika nyuma ya kabati, akainama akashika ukuta kwa kiganja, kisha sakafu. Akainua mwanga juu. Kule juu mabati yalikuwa yamejaa matone ya mvuke wa sufuria, mengine yameshaanza kuganda ukingoni, na moja likaanguka likampata usoni. Akajipangusa. Pumzi yake ilikuwa inaonekana.

"Huna," akasema. Alisema kwa hofu, si kwa huruma.

"Nimesema tangu alfajiri."

"Kweli kabisa huna." Limpho akazima simu, akasogea karibu, wakabaki na mshumaa. "Sikiliza, dada. Usiseme kwa watu kwamba huna. Tafadhali. Acha wadhani unayo."

"Kwa nini?"

"Wakijua huna, itabidi tujue ni sisi. Kila mtu ataanza kumtazama mwenzake, tutafikishana kwa chifu, mzee atazichukua hita zote, na baridi hii... Wewe umeshasemwa. Limekwisha hilo. Linakupunguzia nini?"

Mama Puleng alikoroga ugali. Alikoroga hadi mwiko ukagoma, akaipua sufuria, akafuta mikono kwenye sketi. Kitandani Puleng alikuwa macho, anawasikiliza, midomo yake ina rangi ambayo mama yake hakuipenda.

"Kunitukana ilikuwa bure," akasema. "Lakini kunyamaza kwangu kuna bei. Nipe hilo blanketi."

"Hili? Dada, hili la harusi ya mdogo wangu. Nimelilipia mwaka mzima."

"Basi niende uani nikawaambie."

Limpho alisimama, amelikumbatia blanketi kifuani kwa mikono miwili, akatazama mlango, akamtazama Mama Puleng kuona kama ana utani. Hatimaye akachomoa pini ya shingoni, akalivua, akaliweka juu ya kitanda bila kulikunja. Alitoka mbio, amevaa blauzi ya dukani tu. Mlango wa chumba cha sita ukafungwa, kitasa kikazungushwa mara mbili, na baada ya muda ukasikika mngurumo mdogo nyuma ya ukuta.

Mama Puleng akamzungushia mtoto lile blanketi mara mbili, kutoka miguuni hadi kidevuni. Lilikuwa bado na joto la mwenyewe.

"La nani hili, mama?" Puleng akauliza.

"Letu."

"Umelinunua?"

"Ndiyo," mama yake akasema, akapuliza mshumaa ili usiishe. "Lala."